Risala ya Flati 401 kwa Mzee wa Holudpara, Kuhusu Kitanda cha Naftali

Mgeni rasmi, Mzee Tofazel Mridha, mwenyekiti wa kamati ya kijiji cha Holudpara, wanao na wapwa wako wa flati 403, mabwana,

Makaribisho

Sisi wakazi wa flati 401, wasafishaji wa majengo kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, tunakukaribisha Al Nahda. Tunajua umekuja Dubai kumwona mwanao, si sisi, na kwamba viza ya matembezi ni fupi. Kwa hiyo hatutazunguka.

Risala hii inasomwa na katibu wetu, Dancan, na inatafsiriwa kwa Kibengali na Naftali, aliyekuwa mwenzetu hapa 401. Tunamwomba atafsiri kila neno kama lilivyo, hata yale yanayomhusu. Mengi yanamhusu.

Historia ya kijiji chako, kama tunavyoijua

Mzee, hatujafika Holudpara, lakini tunaijua kuliko tulivyotaka. Ukuta kati yetu na 403 ni mwembamba. Tunajua kuna bwawa katikati ya kijiji, na kwamba barabara huzama majira ya mvua. Tunajua shule imepata bati jipya, kwa sababu siku lilipopigiliwa, wanao walishangilia hadi tukadhani ni mpira. Wa kwanza wenu kuja Dubai alikuwa mtunza bustani kule Oud Metha. Alimwita mpwa wake, mpwa akamwita jirani, mpaka flati nzima ikawa kijiji kimoja.

Tunajua pia utaratibu wenu wa vitanda. Katika 403 mtu halali anapotaka. Hulala kando ya yule ambaye nyumba zao zimepakana kule nyumbani. Mwenye kitanda cha dirishani ni wa kando ya bwawa. Mtu akitua uwanja wa ndege, hupokewa na jirani aliyepakana naye ua. Akiugua, jirani huyo huyo humletea chakula. Hakuna anayeuliza ni zamu ya nani.

Kilichotokea

Mwaka jana Naftali aliteleza kwenye ngazi akisafisha vioo, akavunjika kifundo cha mguu. Aliletwa kutoka hospitali asubuhi, akalazwa kitandani kwake, hapa. Sisi kila mtu ana sufuria yake, rafu yake na shifti yake. Evans, ambaye ni Mganda, alidhani Wakenya wenzake Naftali wamempa chai. Mkenya aliyekuwa zamu ya mchana alidhani Sharifu amempa, kwa kuwa Sharifu wa Pemba ndiye apendaye kupika. Sharifu alikuwa kazini Al Baraha. Hakuna aliyekataa kumhudumia. Wote tuliamini amehudumiwa.

Jioni Naftali aligonga ukuta kwa gongo lake. Ukuta huo, Mzee, ni wa 403. Wanao walikuja na wali na samaki, wakamwona, wakambeba.

Wakamlaza kwenye kitanda cha ukutani, ambacho kilikuwa tupu kwa sababu kule kijijini kiwanja cha mwisho, kando ya barabara, hakina mtu tangu mwenyewe ahamie Dhaka. Mguu umepona. Naftali bado yuko huko. Sasa wanao humwita bhai, yaani ndugu, na yeye huitika.

Tulichojaribu

Tuliamua kufanya kama 403. Tulianza na vitanda, tukivipanga kwa ramani ya Afrika Mashariki. Kwa ramani, Evans wa Masaka alitakiwa kulala jikoni. Sharifu, kwa kuwa Pemba ni kisiwa, alipangiwa mlango wa bafu.

"Mimi si bata," alisema, akarudisha godoro lake.

Tukajaribu chungu kimoja. Siku ya kwanza Sharifu alipika ugali.

"Bro, hii ni ugali ama uji ya mgonjwa?" akauliza Dancan, ambaye ndiye msomaji wa risala hii.

"Kula, bwana. Kwani uko mahakamani?"

"Mgonjwa mwenyewe yuko next door, anakula samaki," akasema Evans.

Wakati huo huo Naftali aliingia kuchukua kandambili zake. Tukamkaribisha. Akasema, "Asanteni, nimeshakula." Chungu cha pamoja kiliishia hapo.

Mzee, tunaona wivu. Tumepima maneno mengine, na hili ndilo sahihi. Naftali, tafsiri. Hatuwaonei wivu wali wenu wala samaki. Tunaona wivu kwamba mtu wenu akigonga ukuta, kuna mmoja anayejua kwamba ni yeye anayeitwa.

Maombi

Naftali ameomba kuhamia 403 moja kwa moja. Msimamizi wa nyumba amesema, "Mzee wao akikubali, khalas, yamekwisha, ahame." Jibu unalo wewe, na unatarajiwa kulitoa leo.

Tulikusudia kukuomba ukatae. Sharifu ndiye aliyetuonyesha kasoro ya ombi hilo: tutakuwa tumerudishiwa mtu, na sufuria zitabaki zilezile.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kitanda alichopewa Naftali kimeegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo ni kitanda chake cha zamani. Kwa utaratibu wa Holudpara wenyewe, aliyepakana na kiwanja cha barabarani ni sisi. Tunaomba kamati yako ituandike kuwa majirani wa kiwanja hicho, kwa haki zote na wajibu wote. Naftali akiugua tena, chai ya kwanza itoke 401. Akienda likizo na kurudi, tutakuwa uwanja wa ndege sisi, na wanao wasitutangulie. Ukikubali hili, basi akubaliwe kuhama.

Hitimisho

Tunakuombea safari njema, macho mazuri ya kuwaona wajukuu, na mvua inayokoma kabla ya kufika shuleni.

Naftali, tafsiri mpaka hapo. Haya ya mwisho si ya mgeni. Kitandani kwako hatujamlaza mtu. Evans huanika taulo tu, naye ameambiwa aache. Usiku tukisikia umegeuka upande wa pili wa ukuta, hatuulizani tena nani aamke.

Ni sisi majirani zako,
Wakazi wa Flati 401, Al Nahda.