Bwana Thadeo na Ukungu Uliozoea Dawa

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: mimi ndiye niliyezimua dawa ya ukungu ya kikundi chetu cha mpunga hapa Msowero. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa Bwana Thadeo Mkude kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nitauandika, ila siwezi kuuanza na uongo.

Bwana Thadeo anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa bwana shamba. Alianzia Mikumi, kwenye mahindi yanayopakana na hifadhi. Inasemekana huko aliletewa fomu ya waharibifu wa mazao, akaandika "tembo", na kwenye nafasi ya dawa akaandika "hakuna, tukimbie".

Alipohamia kwetu alituhimiza tuwe na stoo moja ya dawa, badala ya kila mtu kubahatisha chupa yake. Mama yangu, Lea, ndiye katibu, kwa hiyo mimi nikapewa ufunguo na daftari. Kipimo kilikuwa kifuniko kimoja kwa bomba moja. Lakini siku ya kupuliza walikuja pia majirani wasio wanakikundi, mabomba mgongoni, na kwetu jirani harudishwi mikono mitupu. Nami ni mtu wa aibu. Kusema hapana siwezi. Nikatia nusu kifuniko kila bomba, nikajaza maji, kila mtu akaondoka akishukuru. Daftarini nikaandika kifuniko kimoja. Misimu miwili, dawa ileile, nusu ileile.

Mwaka jana ukungu haukusikia dawa. Masuke yakasimama meupe, matupu. Mkutanoni Mama Ziada, aliyeambulia magunia matatu, alisema, "Bwana shamba, umetuletea maji ya rangi." Naye akajibu taratibu, "Kama ni maji, mama, mbona ulinawa kwa sabuni mara tatu?" Watu walicheka, lakini sifa ya kuleta dawa feki ilimganda.

Hakununa. Alikusanya majani yenye madoa kwenye bahasha za kaki, akayapeleka kwa watafiti Morogoro. Majibu yakaja: ukungu umeizoea dawa. Swali la vimelea kuzoea dawa niliwahi kulijibu shuleni kwa Kiingereza nikapigiwa vema, nisijue najieleza mwenyewe. Yeye alilieleza kwa Kiswahili chepesi: dawa haba huua vimelea legelege, ikaviachia shamba vile sugu. Tukabadilisha aina ya dawa, tukachoma mabua yenye ugonjwa, tukapanda mbegu inayostahimili. Msimu huu Mama Ziada kavuna magunia kumi na manne.

Hata hivyo, ripoti anayomkabidhi Lusekelo, bwana shamba mpya, inasema kipimo kilifuatwa. Aliliamini daftari langu. Ikibaki hivyo, Lusekelo hatajua kosa lilianzia stoo, tutairudia nusu kifuniko, na dawa hii mpya nayo itazoeleka. Na jina la Bwana Thadeo litabaki na doa lisilo lake.

Nasikia hatua za mama barazani, anakuja kuchukua karatasi ikachapwe. Siku zote mtu akikaribia huwa nafunika ninachoandika kwa kiwiko. Leo nimeondoa mkono.

Bwana Thadeo, asante kwa kutufundisha, na naomba unisamehe. Wanakikundi wote tunakuombea siku nyingi zenye afya na shibe. Ijumaa, mtu akikutania tena kuhusu dawa feki, usijibu. Nitasimama mimi.