Kuhani Aliyefiwa na Mkewe

Sogeeni, wanangu. Sabesan, acha kunipepea, mimi si mkaa. Kaa hapa penye mkono wangu. Abirami, mama, funga kwanza mlango wa uani, maana shangazi yenu ana masikio marefu, na haya ninayotaka kusema sitaki yafike mtaani kabla sijayamaliza. Niinueni kidogo. Hapo hapo. Sauti niliyobakiwa nayo ni ndogo, sitarudia neno, na anayetaka kulia atalia nikishanyamaza.

Wewe Sabesan umeitwa kutoka Bengaluru ukaambiwa baba yako anakufa. Ni kweli, ila umeambiwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba asubuhi hii wageni wanakuja kutoka Kumbakonam na binti yao, wamekodi gari, na shangazi yenu ameshaanza kuchemsha maziwa ya kahawa. Anataka uozwe kabla sijazimika, ili zamu yetu ya ukuhani hekaluni isitoke katika nyumba hii. "Kaka, mwanao akishaoa tu anaingia kwa mungu," ndio wimbo wake tangu mvua zikatike. Na wewe jana nimekusikia ukimwambia dada yako pale barazani, "Basi nitamwoa, Appa afe na amani." Mlidhani nimelala. Mtu akikaribia kufa watu humwona kiziwi.

Amani gani hiyo? Nani alikwambia nimeiagiza?

Sikilizeni vizuri. Sheria yetu mmekua nayo: kuhani wa mungu Shiva ni mtu na mkewe. Asiyeoa haligusi jiwe lake takatifu, na aliyefiwa na mkewe analiachia siku ile ile, hata kama amezeeka akilitumikia. Mimi nililiogesha jiwe lile kwa maziwa na maji ya nazi tangu ndevu hazijaniota sawasawa, baada ya kuozwa mama yenu tukiwa hatujui hata kuangaliana. Nalijua kwa kiganja kuliko ninavyoujua uso wangu. Upande wa kushoto, pale begani, lina ufa mwembamba ambamo sandali iliyosagwa hupenda kujificha, na usipoufuta kwa kidole kidogo unanuka ifikapo adhuhuri. Mwambieni Kumaraguru. Nitafika kwa Kumaraguru, ngojeni.

Mama yenu Visalam hakuwahi kuvuka kile kizingiti cha chumba cha ndani cha mungu, lakini bila pumzi zake mimi nisingevuka pia. Mtaa mzima ulilijua hilo. Akikohoa, wazee wa hekalu walikuja kumjulia hali, na mimi mjinga nilifurahi kwamba mke wangu anapendwa, mpaka siku moja nikamsikia mmoja wao akimuuliza mganga nje ya dirisha, "Atafika sikukuu ya gari la mungu, au tutafute kuhani mwingine?" Mama yenu naye alisikia. Alicheka, akaniambia, "Mpe jibu mzee wa watu, mwambie nitajitahidi." Akajitahidi kweli. Gari la mungu lilivutwa kuzunguka mitaa yote minne, nikiwa juu yake na maua shingoni, naye alifariki wiki iliyofuata, hapo hapo ulipokaa, Abirami. Wewe hukuwepo.

Hukuwepo kwa sababu hukungojwa, na hiki ndicho kidonda changu, nakitaja leo mbele yenu. Mnajua kwamba maiti ikiwa bado katika mtaa wa hekalu, milango ya hekalu haifunguliwi, mungu haogeshwi wala halishwi mpaka itoke. Ulikuwa njiani, treni yako imekwama kwa mafuriko, na mdogo wangu Vaithi akaja hapa na wazee nyuma yake. "Kaka, mungu hajala," akasema. Nikamwomba angoje mtoto amwone mamake. Akarudia, "Mungu hajala, kaka." Wakamwinua. Walikimbia naye kama wanaowahi soko, na kengele ya hekalu ikalia kabla moto haujamshika vizuri. Wewe ulifika ukakuta majivu, ukaniambia, "Appa, mngengoja kidogo tu." Vaithi alikufa bila mimi kumsemesha, na msinibembeleze hapa kitandani nimsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Sheria ilikuwa upande wake. Mimi nilikuwa upande wa mama yenu.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Watu walikuja kunipa pole, tena wengi, ukumbi ulijaa. Walikaa hapa wakitikisa vichwa, "Pole, kuhani, huduma ya maisha yako yote imekatika." Pole ya kengele! Pole ya funguo! Hakuna hata mmoja aliyesema pole kwa Visalam, kwa yule mwanamke aliyekuwa akinichagulia mawe kwenye mchele na kunigombeza kwa kuacha shuka chini. Nikabaki sijui nimlilie nani mbele ya watu, maana kila nikilia walidhani nalilia kazi. Nilimlilia yeye, wanangu. Nataka mtu mmoja duniani ajue hivyo, na sasa mko wawili.

Baada ya hapo nilikuwa naenda hekaluni na kusimama nje ya mti wa kizuizi pamoja na wageni. Wanakuja kwa mabasi, wanapiga picha nguzo, wanatafuta mahali pa kuweka viatu. Bibi mmoja wa mjini alinipa simu yake nimpige picha na wanawe, akanifundisha pa kubonyeza, akanisifu. Kumaraguru mtoto wa Vaithi anatoka ndani na sinia ya moto, ananidondoshea majivu matakatifu kiganjani kwa mbali bila kunigusa, kama anavyowafanyia wote, naye ni mtoto niliyemfundisha kutamka mantra. Ndivyo inavyotakiwa. Simlaumu. Kisha jioni wanampandisha mungu kwenye machela yake ndogo, wanampeleka chumbani kwa mkewe, wanawaimbia, wanafunga mlango, kwa sababu haifai mungu alale peke yake. Mimi nikiisha kuona hayo narudi nyumbani, napasha wali uliobaki, nakula nimesimama. Sikuwahi kuwaambia kwenye simu. Mngesema nije mjini, na mjini mngenifanya nini?

Sasa shikeni maneno. Zamu ya nyumba hii, anayoishika tangu nilipotoka, nampa Kumaraguru moja kwa moja, yote, na wazee wakileta ubishi mwambieni shangazi yenu awashughulikie, wanamwogopa. Nampa si kwa sababu ya babake. Nampa kwa sababu anaoga kabla ya kuingia na hachezi na simu mbele ya mungu, na mkewe ni mzima. Mwambieni amwangalie huyo mke yeye mwenyewe, asiwaachie wazee wamwangalie.

Nyumba ni yenu nusu kwa nusu. Vipini vya pua vya mama ni vya Abirami, na minazi ya mtoni ni ya Abirami pia, maana Sabesan hawezi kutofautisha dafu na nazi.

Na wewe Sabesan. Hutamwoa binti wa Kumbakonam. Hujamkosea, wala yeye hajakukosea, lakini sitaki mtoto wa watu aletwe hapa awe pumzi ya kumruhusu mwanaume mwingine kuvuka kizingiti. Kule Bengaluru kuna mwalimu, anaitwa Nagaveni. Usishtuke. Dada yako aliniambia, nami nikanyamaza, kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Si wa ukoo wetu, anakula mayai, mwiko wetu, lugha yetu anaivunja vipande. Ukimwoa, wewe na watoto wako hamtaingia tena kwa jiwe lile milele, na mlolongo wa makuhani wa nyumba hii, ulioanza enzi za wafalme tusiowajua hata majina, utaishia kwangu. Inaniuma. Nisikudanganye, inaniuma hapa. Lakini umri umekupita ukimngojea baba yako afe ndipo umwoe, na huo ni ungojaji mbaya, kwangu na kwako.

Hilo ni gari? Wamefika. Abirami, nenda, wape kahawa iliyo bora, wakalishe penye upepo, waambie kuhani mwenyewe amesema binti yao hana kasoro na waliokosa ni sisi. Waombe radhi mara nyingi. Mpe binti ile sari mpya ya kabatini, asirudi kwao mikono mitupu. Nenda, mama. Ngoja, nikushike kichwa kwanza. Kaa salama wewe na wanao. Nenda.

Sabesan, toa simu. Mpigie sasa hivi. Kama yuko darasani na atoke... Mwambie ni baba yako. Niwekee sikioni, karibu, mkono hauinuki.

Nagaveni? Sauti yake ni ndogo... kama ya mtoto. Unanisikia, binti yangu? Mwanangu atakutafsiria. Mimi nimebariki maharusi wote wa kijiji hiki, na kila bibi harusi nilimwombea lile lile tunaloomba, afe akiwa na mume, awahi kabla yake, aende na alama nyekundu ya wenye waume kwenye paji la uso. Nilisema bila kufikiri. Mama yake Sabesan nilimwombea hivyo kila mwaka mbele ya mungu... na mungu akanisikia.

Wewe sikuombei hivyo. Ishi. Zeeka mpaka uchoke. Na kama lazima... kama lazima mmoja atangulie, atangulie mwanangu.

Sabesan. Mbona kimya? Mtafsirie... yote, usipunguze.