Maisha ya Gadiel Ephraimu Lukumay na Ziara ya Bendi ya Nyundo

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Lemara, nanyi mliotoka Kisongo, Mto wa Mbu na Babati mkiwa na fulana zenu nyeusi, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtulie kidogo msomewe maisha ya mpendwa wetu, yote, pamoja na sehemu ambayo mwenyewe aliomba isirukwe.

Gadiel Ephraimu Lukumay alizaliwa Kisongo tarehe 3 Machi 1963, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ephraimu Lukumay, mzee wa kanisa, ambaye yupo hapa mbele yetu, na marehemu mama Namelok, akabatizwa mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1978, siku aliyopenda kuisimulia kwa sababu ndiyo siku aliyovaa suruali ndefu kwa mara ya kwanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, hakubahatika kuchaguliwa kuendelea na sekondari, hivyo akajifunza ufundi redio kwa fundi mmoja wa Sekei, na mwaka 1981 akaajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha redio hapa mjini Arusha, alikofanya kazi hadi mwaka 1989 wafanyakazi walipopunguzwa, ndipo akafungua kibanda chake Lemara.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na Anneth Stanley, binti wa Machame, wakajaliwa watoto wawili, Violet aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amuuguze baba yake, jambo lililomuumiza marehemu hadi mwisho, na Yoeli aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye yuko darasa la sita.

Wakati anafungua kibanda, biashara zilikuwa zimeachiwa huru, redio kaseti ziliingia kwa wingi, na kwenye marobota ya mitumba zilitoka fulana nyeusi zenye mafuvu na radi, ambazo akina mama waliziweka kando na vijana wakazigombania bila kujua kuwa ni fulana za bendi. Gadiel alijua, kwa sababu mzungu mmoja aliyeshuka Mlima Meru alimletea redio iliyoingia maji, kanda ikiwa bado imo ndani, na alipoitengeneza akasikia gitaa likinguruma kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia, wateja wakamwambia azime, yeye akasema bado anaijaribu, akaijaribu mpaka jioni.

Ndipo yeye na rafiki yake Hans, fundi magari, pamoja na Aristides aliyepiga ngoma, wakaanzisha bendi ya Nyundo, ya muziki huo mzito unaoitwa hevi metali, na mwezi Julai 1992 wakapakia jenereta na spika kwenye lori la vitunguu wakafanya ziara, wakianzia Lemara, wakapita Kisongo, Monduli, Mto wa Mbu na Karatu, wakamalizia Babati.

Siku hizi za msiba mashabiki wamekaa nasi uani wakiikumbuka ziara hiyo kana kwamba ilikuwa wiki iliyopita. Wa Mto wa Mbu walisimulia jinsi petroli ilivyoisha katikati ya wimbo, watu wakaendelea kuimba peke yao huku wauza ndizi wakigonga makreti, na wa Babati walisimulia mvua isiyo ya msimu, na viatu vilivyobaki kwenye tope hadi asubuhi. Mzee Lerionka wa Kisongo alisema, "Gadiel alipogusa waya wa kwanza, dume langu la ng'ombe lilikata kamba likaenda zake mpaka karibu na uwanja wa ndege." Hans akamwambia, "Dume lako ndilo lililoelewa muziki, wewe ulikuwa umeziba masikio." Lerionka akajibu, "Niliziba moja, la pili nilikuwa nasikilizia."

Lakini kila aliyekuwepo Kisongo, Jumatano ile ya tarehe 15 Julai, siku ya mnada, alimtaja binti mmoja wa miaka kumi na mitano, aliyesimama mbele kabisa, akashika maneno ya wimbo kwa kuusikia mara moja tu, na sauti ya Gadiel ilipokatika kwa vumbi yeye akaendelea kuimba kutoka chini, hadi wakampandisha kwenye lori na kumpa kipaza sauti. Alikuwa Resiato Lembris. Gadiel alisema baadaye kwamba katika ziara nzima hakuna shabiki aliyempenda kuliko yule.

Waliporudi kutoka Babati, baraza la wazee lilimtenga Gadiel na meza ya Bwana, pamoja na wenzake, kwa sababu ya muziki ule, na yeye hakujali, lakini mama Namelok alikuwa mgonjwa sana, akasema hataki kufa mwanawe akiwa nje. Kwa hiyo Jumapili tarehe 6 Septemba 1992 Gadiel alisimama mbele ya usharika wa kwao Kisongo ili arudi kundini, mama yake akiwa benchi la mbele amefunikwa blanketi. Alitubu, na hayo yangetosha, lakini mzee aliyekuwa akimhoji, ambaye ni baba yake, akamuuliza, "Ulikuwa na nani?" Gadiel alitaka yaishe haraka, na jina lililomjia mdomoni likawa la yule aliyemkumbuka kuliko wote. Akasema, "Resiato wa Lembris, wa darasa la kipaimara, aliimba na sisi."

Resiato alikuwa amekaa palepale kanisani na wenzake. Aliondolewa kwenye darasa, gauni jeupe likiwa limeshashonwa na mbuzi wa sherehe akiwa amefungwa nyuma ya nyumba, na Desemba wenzake walipobarikiwa yeye alikuwa anachunga ndama, na tangu hapo hakuingia tena kanisani. Mama Namelok alifariki Novemba mwaka ule akiwa ametulia. Gadiel hakushika gitaa tena, ingawa hapakuwa na mtu wa kumkataza.

Miaka iliyofuata, Jumatano nyingi alifunga kibanda akaenda Kisongo, ambako Resiato, alipokuwa mtu mzima, alikuwa akiuza maziwa pembeni ya mnada. Alikwenda ili amwombe msamaha, akifika anasema, "Habari za nyumbani?" naye anajibu, "Nzuri, kaka," kisha Gadiel anasema, "Nipimie lita mbili," anarudi Lemara. Mkewe Anneth alimuuliza maziwa ya Lemara yana kasoro gani, akasema hayana kasoro. Sisi nyumbani tulidhani anapenda maziwa, wakati mengi yaliganda bila kunywewa.

Mwezi Novemba 2001 sauti yake ilianza kukauka, akapimwa akakutwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji Moshi mwezi Februari mwaka huu wa 2003, na baada ya hapo alibaki na sauti ya kunong'ona. Siku moja alimwambia Violet, "Mkinisomea, msiseme tu kwamba nilirudi kundini. Semeni nilirudi kwa kumtaja nani, na kwamba hakuwa na kosa." Violet akamuuliza, "Baba, nikamwite?" Akatikisa kichwa, akasema, "Akiniona hivi atanihurumia." Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani kwake Lemara.

Alhamisi ukoo ulipokaa kupanga mazishi, Mzee Ephraimu alikataa sehemu hiyo isomwe. Alisema, "Historia ya mtu ni kuzaliwa, kusoma, kuoa na kufa, hayo ya magitaa ya nini?" Wakati bado anasema, aliingia mama mmoja na dumu la maziwa, kama alivyoingia kila siku tangu msiba uanze, akampigia magoti, "Shikamoo mzee." Mzee akaitika, "Marahaba, umetusaidia sana, wewe ni binti wa nani?" Akajibu, "Wa Lembris. Mimi ndiye yule Resiato." Mzee akaweka fimbo yake chini, akasema, "Iandikwe. Na mimi ndiye niliyeuliza, hilo nalo liandikwe."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Arusha na Moshi, mchungaji na kwaya, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao wiki nzima, majirani waliotupatia kuni, maji na mahali pa kulaza wageni, na mashabiki wa Nyundo waliochimba kaburi.

Tulipomwomba Resiato msamaha kwa niaba ya marehemu, alisema, "Sitaki kuombwa msamaha na jeneza. Jina langu lilitajwa kanisani, watu wakageuka kunitazama. Litajeni tena, wageuke tena."

Resiato Lembris wa Kisongo aliimba na bendi ya Nyundo tarehe 15 Julai 1992, hakukosea neno hata moja, na hakuwa na kosa. Amesimama kule nyuma, karibu na uzio wa migomba. Geukeni mumtazame.

Gadiel, jina limetajwa, sasa pumzika kwa amani.