Wasifu wa Fundi Aliyerusha Ndege kwa Kanyagio la Cherehani

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi tisa mliotoka mbali ambao wengi hapa hawawajui: nimepewa kuandika na kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ndiye kaka yake, na waliomwona akitambaa tumebaki wachache. Nitausoma taratibu, macho si yale. Ndani yake mna kosa langu moja ambalo marehemu alilibeba kama lake kwa miaka sita. Sitaki azikwe nalo. Nitalifikia.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi baba yetu. Mama alikuwa amempelekea baba chakula, uchungu ukamkuta hapo hapo kati ya marundo ya karatasi. Nguo ya kwanza kumfunika mtoto ilikuwa aproni ya baba, yenye wino. Alikuwa wa pili na wa mwisho kwa wazazi wetu.

Alianza shule mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969. Kujumlisha kulimpa taabu, ila maumbo aliyaona kwa jicho tupu. Siku moja mwalimu wa hesabu alichora duara ubaoni, marehemu akanyoosha mkono akasema limepinda. Mwalimu akaleta bikari akapima. Lilikuwa limepinda. Marehemu alifagia darasa wiki nzima kwa utovu wa adabu, na kuanzia wiki iliyofuata maduara yote ya mwalimu yule akawa anayachora yeye.

Mwaka 1973 alianza kujifunza ushonaji, na tarehe 1 Mei 1981 akafungua chumba chake mwenyewe, mlango wa pili kutoka duka la vyuma. Alishona ovaroli, makoti na sare kwa miaka thelathini na mitano. Umeme ulipofika mtaani mafundi wenzake walifunga mota kwenye cherehani zao. Yeye alikataa. Alisema mota haijui wapi kitambaa kinaogopa. Hivyo mguu wake wa kulia ukazoea lile kanyagio la chuma, vidole na kisigino, vidole na kisigino, hata akiwa mezani anakula mguu ulikuwa ukishona.

Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na mpokea simu wa hospitali. Shemeji yangu huyu alikuwa amepeleka koti lipunguzwe mikono, na kila akija kulichukua anaambiwa bado kidogo. Mara ya nne akamwambia, "Fundi, mikono yangu hairefuki wala haifupiki. Unataka nini hasa?" Marehemu akajibu, "Nataka uje mara ya tano." Walijaliwa binti, ambaye ni mpima ardhi, na mwana, ambaye ni dereva wa treni. Koti lile mikono yake mpaka leo haiko sawa, na shemeji amelivaa hapa.

Tarehe 22 Agosti 2016 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa kazini, mkasi mkononi. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi, na mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, tunasema, ila anayepaswa kuamini hivyo ni mhunzi mwenyewe. Miezi saba alikaa akitazama ukuta. Ndipo binti yake akamletea kompyuta yenye mchezo wa ndege za kivita, zile za zamani zenye pangaboi puani. Unapigana na watu wa kweli, kila mmoja kakaa kwao. Fundi redio wa jirani akafunga nyaya kwenye kanyagio la cherehani: ukikandamiza kwa vidole ndege inapeleka pua kulia, ukikandamiza kwa kisigino inaipeleka kushoto. Mkono wa kulia ukashika usukani. Marehemu akawa rubani akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Nitawaeleza kidogo alivyopigana, maana humo ndimo kosa langu lilimo. Vijana wengi huchagua ndege nyepesi inayokata kona kama mbayuwayu. Marehemu alichagua ndege nzito ya pua nene, ambayo wenzake walikuwa wakiicheka. Aliniambia, "Kaka, ya kukata kona inataka mikono miwili, mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mafuta. Hii yangu nasukuma mafuta yote mbele mara moja, basi, nayasahau." Kazi yake ilikuwa kupanda. Dakika nane nzima alipanda mbali na vita, jua mgongoni. "Urefu ni kama tangi juu ya paa," alisema. "Maji yakiwa juu yana nguvu yenyewe." Kisha alishuka kwa kasi, akapiga mara moja, akapanda tena bila kugeuka. Akikosa, hakumfuata adui. Alisema wengi hufa kwa kufuata walichokosa.

Lakini mbinu hiyo inataka watu wawili. Mwenzake, mama mwokaji mikate aliyekaa safu ya tatu pale, aliruka chini kwa ndege nyepesi kama chambo. Adui wakimfuata kona baada ya kona wanaishiwa mwendo, ndipo marehemu anawashukia. Naye mwokaji humwambia marehemu kupitia spika ya kompyuta kilicho nyuma yake, kwa kuwa vitufe vya kutazama nyuma vilihitaji mkono wa kushoto. Maisha ya mmoja yako kwa mwenziwe.

Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018, saa tisa alasiri, kikosi chao kilikuwa katika pambano la mwisho la mashindano. Mimi nilikuja kumpeleka kliniki ya mazoezi ya viungo. Nilimwita mara tatu.

"Dakika mbili, kaka. Kuna mtu ananitegemea huku chini."

"Mtu gani? Huo ni mchezo."

Nikachomoa waya ukutani.

Mwokaji alikuwa na adui wawili mkiani. Alisubiri msaada, haukuja, akaangushwa, na kikosi kikashindwa. Kwa watu hawa hakuna aibu kubwa kama kutoweka angani vita vikiwa vikali, maana ndivyo afanyavyo mwoga asiyetaka kuhesabiwa ameanguka. Walimuuliza kama umeme ulikatika. Alisema haukukatika. Wakauliza, sasa ilikuwaje? Akasema, "Niliondoka." Wakampa jina la Mchomoa Waya, na kwa miezi kumi hakuna aliyekubali kuwa chambo chake.

Shemeji alinieleza tu kwamba mumewe anaruka peke yake na kila siku anapigwa kutoka nyuma. Nikaenda kukaa kwenye kigoda kushoto kwake, nikafundishwa vitufe viwili. Yeye anauliza, "Nyuma?" Mimi natazama, namjibu, "Nyuma kweupe," au, "Wapo wawili, panda." Ndiyo kazi niliyoifanya hadi mwisho, na sikuwa mbaya.

Siku moja spika ikasema, "Mchomoa Waya, leo utakaa mpaka tumalize?" Watu wakacheka. Nikauliza jina hilo limetoka wapi. Marehemu aliponinong'oneza nilitaka kusema ukweli pale pale, lakini akafunika kinasa sauti kwa kiganja. "Wewe ni kaka yangu mkubwa. Sikuaibishi mbele za watu."

Nami nikanyamaza. Ilikuwa rahisi. Mwokaji alikuja kumrudia mwenyewe, Desemba ya mwaka ule, bila kuujua ukweli. Alimwambia tu, "Mzee, nimechoka kuruka na watu wanaogeukageuka." Jina, hata hivyo, lilibaki.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 27 Februari 2024. Siku za mwisho hakuweza kusema, ila mguu wake wa kulia uliendelea kukandamiza ubao wa kitanda, vidole na kisigino. Muuguzi alidhani ni maumivu. Shemeji alimwambia, "Mwache, yuko kazini." Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Basi, ninyi tisa, nisikieni. Marehemu hakutoroka. Waya niliuchomoa mimi, kwa mkono huu wenye karatasi. Jina lile ni langu, niachieni mimi.

Marehemu ameacha mke, binti, mwana, wajukuu watatu, kaka mmoja, kikosi cha watu tisa, na cherehani moja ambayo bado inashona.

Mdogo wangu, lala kwa amani. Nyuma kweupe.