Bi. Noreen Pascoe, Mpiga Picha wa Ndege wa Bandari ya Hallam

Mnamo tarehe 9 Machi 1949, siku ya Jumatano, alizaliwa hapa Bandari ya Hallam Noreen Alva Trezise, mtoto wa kwanza wa marehemu Bw. Jory Trezise, fundi wa reli, na marehemu Bi. Edna, nami Alwyn nikamfuata, tukawa wawili tu. Familia imenipa heshima ya kuisoma historia hii, na imenisihi niisome kwa ukamilifu, kwani juma lililopita gazeti la mji liliandika kwamba dada yangu alifariki akinyemelea kiota, na maneno hayo yamemliza mumewe kuliko msiba wenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa tangu 1955 hadi 1961, na sekondari hadi Desemba 1965, kisha tarehe 10 Januari 1966 akaajiriwa katika duka la dawa la Bw. Hocking, ambako picha za wateja zilisafishwa pia, naye akajifunza kusafisha filamu, akatumika kwa uaminifu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Tarehe 17 Februari 1973 alifunga ndoa na Bw. Desmond Pascoe, mnyoa kondoo, wakajaliwa watoto wawili, Glenys mwaka 1975 na Rowan mwaka 1978, na Desmond alizoea kuniambia, “Mimi nilioa mwanamke, shemeji yangu, asubuhi nikaamka na mjusi wa mchangani.”

Alisema hivyo kwa sababu kila mwaka, baridi ilipoanza kulegea mwishoni mwa Agosti, na wale ndege wetu wadogo wa kofia nyeusi walipotaga mayai yao ufukweni, juu ya mchanga mtupu, marehemu alilala kifudifudi mbali nao, akasogea kwa viwiko, akatulia ndege alipoinua kichwa, na hakusogea tena mpaka ndege mwenyewe arudie kula. Ndege aliyeburuta bawa kana kwamba limevunjika, ili kumvuta adui mbali na mayai, hakumpiga picha kamwe, bali alifunika kamera na kurudi nyuma akifuata alama zake mwenyewe mchangani. Katika maonyesho ya picha ya Oktoba 1987, picha ya ndege wa namna hiyo, iliyopigwa na mgeni, ilipewa zawadi ya kwanza, naye akasimama mbele ya watu akasema, “Huyu hachezi, huyu analia.” Hakimu wa mashindano akamjibu, “Mama, si ndege tu?” Naye akasema, “Na wewe si hakimu tu?”

Mwezi Mei 2019 alianza kuugua moyo, na Daktari Nankivell alipomwamuru apumzike, alimuuliza, “Kulala kifudifudi ni kupumzika, au si kupumzika?” Asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Septemba 2022, alikwenda ufukweni kama kawaida, na jirani yetu Bw. Ossie Verran, akipita na mbwa wake kambani, alimpigia kelele ya kila siku, “Noreen, umekufa au unapumzika?”, akaendelea na njia yake akicheka. Aliporudi akamwita tena, lisije lile tusi alilozoea kujibiwa, akamwendea kwa kupita mchanga ulioloa wa ukingo wa maji, asikanyage mayai, kama marehemu alivyomfundisha, akamkuta amekwisha kutuacha. Ossie, ndugu yangu, hakuna wa kukulaumu, sote tulizoea kumwona amelala pale.

Tunamshukuru Daktari Nankivell na wauguzi wake, majirani walioleta supu na mikate bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa duka la dawa, na vijana wa gari la wagonjwa, walioliacha gari barabarani lisivuruge viota, wakambeba kwa mikono. Dada, umechoka kwa kazi njema, basi pumzika, na amani ya Mungu ikulinde.

Mwisho, namsahihisha mhariri, ambaye nimemwona ameketi nyuma. Bw. Verran alimkuta marehemu kamera imefunikwa na mkanda wake umefungwa, uso wake ukielekea baharini, miguu ikielekea kiota, na alama za viwiko vyake mchangani zilikwenda, zikageuka, zikarudi juu ya zile zile, huku ndege akiwa ametulia juu ya mayai. Gazeti limesema alikuwa akikaribia. Si kweli, bwana. Alikuwa akiondoka.