Vyura wa Kitahana

Lukmani alikuwa ametoka Dar kwa basi bila kupata hata lepe la usingizi, na ndani ya Hiace ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo alitaka kulala tu. Nyuma yake walikaa kina mama wawili wasiojuana, na walishaanza kubishana.

"Claudine wangu amepanga jirani na baa huko Dar," alilalamika mmoja. "Kila usiku ananipigia nimwekee simu dirishani asikilize vyura wa kijijini kwetu Kitahana, ndipo alale. Yeye anakoroma, mimi nimesimama na baridi!"

"Si azibe masikio kwa pamba?" alisema mwenzake.

"Kaziba weee!"

"Basi arudi nyumbani."

"Alirudi Krismasi! Akadai kimya kinamuumiza kichwa, akawasha redio mpaka asubuhi. Nikakesha mimi."

"Umemdekeza."

"Mwana wangu huyo, nimfanyeje?"

Lukmani akageuka. "Mama zangu, nimetoka Dar bila kulala, naomba nisinzie kidogo."

"Umemwona?" Mama Claudine alipaza sauti zaidi. "Huyu naye katoka Dar. Wakishazoea kule, huku hawalali tena!"

Mwenzake akabisha. Walibishana hivyo hadi konda alipoita, "Kibondo! Mwisho wa gari!"