Mama Clotilde na Kanda ya Makofi

Tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mama Clotilde Kisimba, fundi sauti wa redio yetu hapa Likasi, anastaafu. Wengi wenu hamjawahi kuiona sura yake. Lakini kila mheshimiwa mliyempenda kwa masikio, mlimpenda kupitia mikono ya mama huyu.

Studio yetu ni chumba kidogo chenye magodoro ukutani, yale tunayoyaita matela. Viwanda vilipoanza kupoa na njaa kuingia mjini, waheshimiwa waliacha kuhutubia uwanjani, wakiogopa kuzomewa. Wakaja kuhutubia matela. Mama Clotilde alishika wembe, akakata vikohozi na vigugumizi, akaunga kanda, kisha akamwaga makofi. Jioni sauti hizo zilielea juu ya mabati kutoka mtaa wa Panda hadi ule wa Kikula, na mji mzima ukaota kwamba mahali fulani kuna uwanja uliofurika watu wenye furaha. Hata mimi niliota, ingawa matela hayo niliyapangusa vumbi mwenyewe.

Mheshimiwa mmoja, ambaye jina lake tunamwachia Mungu, alinogewa kuliko wote. Alijisikiliza mpaka akabadilisha mwendo. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kupokea watu ofisini, maana redio ilikuwa ikimfanyia kazi zote hizo. Siku alipokutana na wauza mihogo, walimsalimu kwa shaka, wakamwambia wao wanamngoja yule mkubwa wa redioni. Tulicheka wiki nzima.

Kanda ya makofi ilikuwa moja tu. Ilirekodiwa kwenye harusi ya binti wa Simone, jirani yake Mama Clotilde, na katikati ya makofi kulikuwa na kigelegele kirefu cha Simone mwenyewe. Wawili hao walishirikiana bomba la maji, unga, hata kulea watoto. Wazazi wa Simone walitoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapahapa.

Mwaka 1992 mheshimiwa yule aliingia studioni na hotuba nyingine. Watu wa Kasai warudi kwao, alisema, wawaachie wenyewe mji wao. Akaagiza makofi mengi. Mama Clotilde aliweka kanda kwenye mashine, akaisikiliza mara moja, akaitoa. Angewezaje kumfanya Simone ashangilie kufukuzwa kwake? Lakini mume wa Mama Clotilde alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na nyumba nzima ilikula kwa kiti chake hicho kimoja cha studioni. Kuizuia hotuba hakuweza. Aliirusha kama ilivyotoka kinywani, na vikohozi vyake na kigugumizi chake, na kila mheshimiwa alipotua angoje kushangiliwa, kimya.

Kesho yake bwana mkubwa alifika amefura.

"Weye mama, makofi yangu iko wapi?"

"Muheshimiwa, uliongea na matela," alijibiwa kwa heshima zote. "Matela haina mikono."

Tusidanganyane: kimya kile hakikumwokoa mtu. Hotuba zilikuwa nyingi, na treni za waliofukuzwa zilijaa. Mama Clotilde aliondolewa mashineni, akawekwa mlangoni kupokea wageni kwa miaka mitatu. Alitupokea kila asubuhi akiimba, nasi tuliona aibu kupita mbele yake. Aliporudishwa studioni, alikataa katakata kuongeza makofi kwenye hotuba ya mtu yeyote, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumlazimisha.

Mimi nilimsindikiza Mama Clotilde stesheni siku Simone alipoondoka. Palikuwa na vumbi na moshi wa mekoni, watu wamelala juu ya mafurushi kama wako nyumbani. Simone alimshika mikono yote miwili.

"Nilisikiliza yote, yaya," alimwambia, akimwita dada mkubwa kama siku zote. "Sauti yangu haikukuwa mule. Aksanti."

Mama Clotilde, kwa yote uliyotufanyia, na kwa lile moja ulilokataa kulifanya, tunakushukuru na tunakupenda. Nenda ukapumzike. Tunakuombea siku ndefu, afya njema, na, Mungu akipenda, jirani kama yule.